Kabati la Gemu Halidai Mninga

Kijana wa Ngamiani, mjini Tanga, akitaka kujitengenezea kabati la gemu, lile la kusimama lenye skrini usoni na joistiki na vitufe chini yake, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kutafuta mbao. Mninga ukipatikana, mvule ikiwezekana, msaji kama mfuko unaruhusu. Emdiefu (MDF) ataambiwa ni makaratasi yaliyogandishwa, plaiwudi ni ya dari, na hewa ya chumvi ya Tanga itavila vyote viwili kabla hajamaliza deni la televisheni. Wanaosema hivyo ni mafundi wanaoijua kazi, wala hawana nia mbaya. Ila wanatazama mahali pasipo na tatizo.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila mara hutanuka au kusinyaa kwa upande wa mapana. Hata msaji, unaosifiwa kwa utulivu, hauepuki: ubavu wa sentimita 60 uliounganishwa kwa vipande vyake unaweza kucheza zaidi ya milimita 4 unyevu wake wa ndani ukibadilika kwa asilimia 4. Na hapo nazungumzia mbao iliyokauka sawasawa, si ile inayouzwa kando ya barabara ikiwa bado na maji ya msituni. Mlango ukicheza hivyo hausumbui mtu, maana umeachiwa nafasi. Kabati la gemu limebana skrini, limebana kioo, na lina ubao wa vitufe uliotobolewa matundu ya milimita 30 yaliyokaribiana. Milimita 4 hapo ni ufa. Plaiwudi haichezi kiasi hicho kwa sababu tabaka zake zimepishanishwa na kila moja inaizuia jirani yake. Nyuzi za emdiefu hazikulala upande mmoja, kwa hiyo haivutiki upande mmoja kuliko mwingine.

Waliotengeneza mashine za asili walilijua hili. Makabati ya gemu yaliyojaa Marekani miaka ya 1980 yalijengwa kwa plaiwudi na chipbodi, yakapakwa rangi au kubandikwa picha, na kingo zikafunikwa kwa ukanda wa plastiki uliogongwa ndani ya mfereji. Mengi yangali yakichezwa mpaka leo.

Tena kuidharau plaiwudi ukiwa Tanga ni jambo la kushangaza. Kiwanda cha Sikh Saw Mills kilikuwa hapa hapa mjini, kikitengeneza plaiwudi kwa magogo ya milima ya Usambara Mashariki, mtambara ukiwa miongoni mwa miti iliyotafutwa kwa kazi hiyo. Uvunaji wa mashine kule juu ulikoma katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 Amani, huko huko milimani, ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Msaji halali upo, wa shamba la Longuza kule Muheza. Lakini anayekuuzia ubao mpana wa mvule kwa bei ya kutupa, muulize kibali kwanza.

Mpinzani wangu ana ushahidi, nami siukatai: makabati ya jikoni. Nani hajaona emdiefu iliyovimba kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai? Haya, inama utazame ilipovimba. Ni chini, kwenye kingo zinazogusa sakafu, katika nyumba inayodekiwa kila asubuhi. Uso wa mbele mara nyingi ni mzima. Fundi alipaka panapoonekana akaacha panapokunywa, kisha lawama ikaangukia ubao.

Fundi wa jahazi hafanyi kosa hilo. Hujenga kwa mbao ngumu, na bado haziamini: huziba maungio kwa kalafati ya pamba, huzipaka mafuta ya sifa ubavuni na shahamu chini ya maji, na kazi hiyo hurudiwa jahazi linapopandishwa pwani. Ugumu wa mti haujawahi kutosha peke yake katika mwambao huu.

Basi hela iliyotengwa kwa mninga ihamie kwenye kingo. Emdiefu ikishakatwa, kingo zake zipakwe sila, zipigwe msasa, zipakwe tena mpaka ziache kufyonza. Rangi ya kwanza iwe ya mafuta, kwa kuwa ya maji huamsha nyuzi na uso ukawa na manyoya. Ndani na nyuma pia papakwe, hata kama hapataonekana, maana ubao uliozibwa upande mmoja hupinda. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mteja hulipia uso, na fundi humpa uso.

Kuna wanaokwepa yote hayo kwa kununua merinibodi, ile yenye ngozi nyeusi au ya kahawia. Gundi yake inastahimili maji kweli, lakini ile ngozi iliwekwa ili zege lisiushike ubao wakati wa ujenzi, na kisichoshikwa na zege hakishikwi vizuri na rangi pia. Utaikwangua ngozi uliyoilipia. Na ukishaukata, ubao huo nao una kingo mbichi zinazodai kuzibwa.

Mimi ningetumia plaiwudi ya milimita 18 kwa kitako na mihimili ya ndani, kwa kuwa inashika skrubu hata ukizifungua mara kwa mara. Mbavu na ubao wa vitufe viwe vya emdiefu: tundu hutoka safi bila kumeguka, na rangi hulala kama kioo. Sehemu ya viganja ibandikwe fomaika, maana jasho la wachezaji wa mwezi wa Februari halina huruma na rangi yoyote. Mgongo uwe ubao mwembamba wenye matundu ya kutolea joto. Uzito usisahaulike: emdiefu nzima ya futi 8 kwa 4, ya milimita 18, hufika kilo 40, kwa hiyo kabati lote la emdiefu linahitaji vijana wanne kulitoa mlangoni. Vumbi la emdiefu ni baya kwa mapafu. Ikatwe uwanjani, pua na mdomo vimefunikwa.

Panapobaki hoja ya kweli ya mbao ni mchwa. Msaji na mvule huwastahimili. Emdiefu ni chakula chao. Ila mchwa hupanda kutoka chini kama maji ya kudekia, na miguu minne ya mpira mgumu au plastiki yenye kimo cha sentimita 5 huliinua kabati juu ya maji, na huacha uwazi ambao njia ya udongo ya mchwa itaonekana mapema. Hapo ndipo kipande kidogo cha mninga kinaweza kupata kazi, kama miguu ya plastiki haikupatikana dukani.