Barua za Sandukuni

Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha barua za Waswahili, za jamaa na za biashara, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kilikuwa cha chuo cha Berlin kilichowafundisha maofisa wa koloni. Mtawala alizithamini barua zetu. Sisi wa Moa twawaachia mchwa!

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahifadhi miswada ya hati hizo. Orodha yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilitoka mwaka 1970. Wazee wetu husita, na wana haki: barua ya deni au ya shamba ikishatoka nyumbani, nani atairudisha? Basi Chuo na kije Moa, kinakili papa hapa, karatasi zibaki kwa wenyewe, maadamu wangalipo wanaozisoma.