Mbele ya kuuliza pointi, muulize mtoto kama analala

Bandugu wa kazi, ba mama wa kambi, leo sisemi juu ya mshahara. Nasema juu ya watoto tuliotuma ku universite na pesa ya mawe haya tunayochimba.

Mwaka uliopita, asubuhi moja nikitoka kazi ya usiku, binti yangu mdogo alinipigia simu, analia. Kaka yake, anayesoma Lubumbashi, alimwandikia: "Uangalie mama. Miye nimechoka, musinitafute tena." Nilimpigia rafiki yake wa chumba cha jirani akakae naye, nikapanda basi na nguo ya kazi. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300. Siku ile barabara haikuwa na mwisho. Nilimkuta hai. Alikuwa hajala siku mbili.

Kumbe alianguka sesioni ya pili, na miezi mitatu alitudanganya kwamba amepita. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Papa, ni weye ulisema nikianguka nisirudi ku nyumba."

Kweli, nilisema. Ilikuwa siku ya kulipa fre, nilisema nikicheka. Mimi nilisahau, yeye alitembea na lile neno mwaka mzima.

Najua kwa nini tunasema vile. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines mu mpango wa "départs volontaires". Tuliona ba papa wamekaa ku mlango, watoto wametoka masomoni. Njo pale wengi tuliapa: mtoto wangu hatashuka mu mine. Sasa nyumba nzima, na madeni yake, tunaiweka juu ya mabega ya kijana wa miaka 20.

Mu mine ya chini, jiwe likianza kulia, hakuna anayemwambia mwenzake "weye mvivu". Tunatoka, tunaita shefu, tunaweka mbao. Mtoto naye analia mbele ya kuanguka: halali, hali, hajibu simu, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo kwetu. Tusikie.

Jirani yangu alisema ni uchawi. Mimi pia naomba Mungu, lakini jiwe likikuvunja mguu, unaomba ukiwa njiani kwenda hospitali. OMS inasema watu zaidi ya 720 000 wanajiua kila mwaka duniani, na kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 hiyo ni sababu ya tatu ya kifo. Wote hao wamelogwa? Mtoto wangu alitibiwa na daktari wa magonjwa ya akili, kwa dawa na kwa mazungumzo. Leo anarudia mwaka, na anacheka tena.

Mwingine atasema: tukiwalegezea, watacheza na pesa yetu. Sukuma mtoto, sikatai. Lakini usifunge mlango nyuma yake.

Na sisi wa sendika tuko na kazi. Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa. Mimi nilipopeleka karatasi za daktari, ofisi iliniambia hii si ugonjwa, nikalipa mwenyewe. Ba delege, mu mkataba wa pamoja unaokuja tuombe mambo mawili yaandikwe wazi: ugonjwa wa akili utibiwe kama malaria na kama mguu uliovunjika, na mtoto anayesoma mbali na kambi atibiwe kule anakosoma. Pesa ya mfukoni isiwe njo inaamua nani anapona.

Leo jioni mpigie simu. Usianze na pointi. Uliza: "Unalala? Unakula?" Kama unaogopa, muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia kinywa. Akikubali, usimkaripie, usimwache peke yake, mpelekeni kwa daktari siku ileile.

Na mbele ya kukata simu, mwambie lile neno mimi nilichelewa kusema: "Ukianguka, rudi. Nyumba ni yako."