Fundi amelowesha nyumba, nani alipe?

Tangu mwaka 2020, maji ya Mto Ruvu yalipopelekwa Kisarawe kwa mradi wa Kibamba–Kisarawe, zipo familia zilizoyavuta hadi jikoni, bafuni na chooni. Zamani bomba likipasuka, lilipasukia uani na kuku wakafurahi. Sasa linapasukia ukutani, usiku, watoto wamelala.

Usiku kwa sababu ya mgao. Wakazi wa Kibaha, Mlandizi na Kisarawe wanaujua, na mwaka 2022 mto ulipopungua ulibana kweli kweli. Fundi anaunga bomba saa nane mchana, likiwa kavu. Halivuji, litavuja nini? Anapiga plasta, anabandika vigae, anachukua fedha yake na kuondoka. Maji yakifunguliwa saa tisa usiku yanakuja na presha, kiungo ambacho hakikushika kinaachia. Asubuhi godoro limelowa chapachapa na madaftari ya mtoto wa darasa la saba yamekuwa uji.

Hapo huanza ugomvi wa pili, mbaya kuliko maji yenyewe. Fundi mara nyingi si mgeni. Ni shemeji, au kijana wa jirani aliyeletwa na mama wa nyumba. "Si fundi wako huyo!" Baba anafoka, mama anajibu, watoto wanasikiliza.

Ugomvi huo usubiri. Funga koki ya kwenye mita. Zima meni swichi ukiwa umesimama pakavu. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, toa watoto nje na uwaite Tanesco. Piga picha kabla ya kudeki. Kile kiungo kilichoachia kifunge kwenye mfuko, usikitupe, maana ndicho shahidi wako.

Kisha mwite fundi aje aone mwenyewe, mjumbe akiwepo. Andikeni kilichoharibika, bei yake, nani atalipa na lini, wote mtie saini. Msisahau bili, kwa kuwa maji yaliyovuja baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba. Kusema kweli, fundi wa mtaani hana laki tano mfukoni. Kumtaka arudie kazi bila ujira, na alipe godoro kidogo kidogo, kunaleta matunda kuliko kumtishia polisi.

Akikataa kabisa, mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Sheria ya Mikataba inampa aliyepata hasara haki ya kudai fidia, na Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya namna hiyo. Akiwa ni shemeji, anza na wazee; kesi itakwisha lakini misiba na harusi mtaendelea kukutana.

Kazi ikirudiwa, ukuta usizibwe mpaka maji ya mgao yapite usiku mmoja au miwili, mkague kila kiungo kwa tochi. Salio la fundi nalo lisubiri hadi hapo, na mwambieni hivyo kabla hajashika nyundo.

Rangi isiharakishwe. Ukuta mbichi ukipakwa rangi hububujika na kuota ukungu. Fungueni madirisha, sogezeni kabati mbali na ukuta, na mtoto mwenye pumu alale chumba kingine mpaka ukauke.