Uwiano wa Pambano: Idadi ya Wachezaji Isiwe Hukumu

Wahenga waliacha methali mbili zinazovutana. Ya kwanza hunena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili, kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Mvutano huo ndio kiini cha tatizo linalowakabili waongozaji wa michezo ya kuigiza mezani: pambano lililotungwa kwa ajili ya wachezaji wanne lifanyweje wanapofika wawili, au saba?

Katika michezo hii kila mchezaji huvaa uhusika mmoja, naye mwongozaji husimulia mandhari na kuwaigiza maadui, ilhali dadu huamua yasiyotabirika. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa Marekani mwaka 1974. Toleo lake la tatu, la mwaka 2000, lilipima ugumu wa adui kwa kikosi cha watu wanne. Mwongozo wa mwaka 2014 uliongeza vizidishi: maadui wawili huhesabiwa mara moja na nusu ya jumla yao, watatu hadi sita mara mbili. Mwongozo wa mwaka 2024 uliviondoa vizidishi hivyo. Ni dhahiri kwamba, baada ya miaka 50, suala hili halijafungwa.

Suala hili lina uzito kwa wapenzi wa Kiswahili kwa kuwa mchezo wa namna hii ni fasihi simulizi iliyo hai: hadhira yenyewe hugeuka fanani. Aidha, vijana wa Diani na Msambweni hawakutani kwa idadi maalumu. Leo huja watatu, kesho saba; mmoja yumo baharini, mwingine ana zamu hotelini, wa tatu katumwa dukani. Mchezo usiojua kupokea idadi yoyote humfukuza anayechelewa, na kumfukuza mtu katika hadithi ni kumfukuza katika lugha.

Kosa linalotendeka aghalabu ni kudhani kwamba wachezaji wakiongezeka mara mbili, inatosha adui aongezewe uhai mara mbili. Hesabu ndogo yakanusha. Tuseme adui ana uhai 40, kila mchezaji humpunguzia 5 katika kila duru, naye adui hupiga pigo moja kwa duru. Wachezaji wawili watamwangusha kwa duru nne. Mapigo manne yatagawanywa kwa watu wawili, yaani mawili kwa kila mmoja. Wachezaji wanne watamaliza kwa duru mbili. Mapigo mawili yatagawanywa kwa wanne, yaani nusu pigo kwa kila mmoja. Kikosi kimeongezeka mara mbili, lakini mzigo wa kila mtu umepungua mara nne. Mwingereza Frederick Lanchester alilieleza jambo la aina hii katika vita halisi mwaka 1916: nguvu ya jeshi linalopiga kwa mbali hukua kwa mraba wa idadi yake.

Adui huyo akipewa uhai 80, wachezaji wanne watapata pigo moja kila mmoja, bado nusu ya mzigo wa wale wawili. Mzigo utalingana pale tu adui atakapoongezewa na zamu, apige mara mbili katika kila duru. Kwa hiyo kinachopaswa kupimwa kwanza ni zamu, kisha uhai.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Wachezaji wanne kwa duru nne ni zamu 16, na mapigo ya adui manane juu yake. Wakiwa saba, kila mmoja atasubiri hadi apige miayo. Hapo ndipo panya wengi wanaposhindwa kuchimba shimo. Dawa yake haipo katika kuongeza maadui, bali katika kubadilisha lengo la pambano.

Mchezo wa kati, wanaoucheza watoto viwanjani, unafundisha jambo hili. Warushaji wa mpira ni wawili, na waliomo katikati wanaweza kuwa watatu au kumi. Hakuna anayedai pande ziwe sawa kwa idadi, maana kila upande una kazi yake: huku kulenga, kule kukwepa.

Historia ya Kwale nayo inatoa ushahidi. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alipopigana na Waingereza, ngome yake ya Mwele ilitekwa Agosti 1895 na kikosi kilichoongozwa na Admirali Rawson. Lau shabaha ya vita ingekuwa kushika ngome tu, mambo yangeishia hapo. Lakini Mbaruk aliponyoka, mapambano yakaendelea hadi Aprili 1896 alipovuka kuingia himaya ya Wajerumani. Mwongozaji atakayeigiza kisa hicho hahitaji kuwalinganisha watu wawili na jeshi zima. Wakiwa wawili, wapenye msituni na kupeleka habari. Wakiwa saba, wagawane: hawa wazuie njia, wale wawavushe wazee na watoto. Kila mmoja atakuwa na la kufanya, na la kupoteza.

Wapo watakaosema kwamba kundi kubwa ligawanywe tu mara mbili. Rai hiyo ni nyepesi kuliko utekelezaji wake, kwani huhitaji mwongozaji wa pili, na waongozaji ni adimu kuliko wachezaji.

Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kuandika miongozo ya michezo hii kwa Kiswahili. Istilahi zipo: zamu, duru, kete, mtaji; baadhi yake wacheza bao wamezitumia tangu zamani. Miongozo hiyo ianze na kanuni moja: anayefika apewe nafasi, kisha pambano lipimwe upya. Mchezo ndio umfuate mchezaji.