Usikariri Orodha ya Vihusishi

Msomaji wangu, yamkini nawe unalo daftari ulimoandika kwamba "on" ni juu ya, "in" ni ndani ya, na "at" ni kwenye. Nakuomba ulifunge. Mimi hufundisha chuo cha ualimu, na kila mwaka nawaona vijana wakiichukua orodha hiyo madarasani kana kwamba ni hirizi. Haimwokoi mtu. Ndege aliyetua tawini, kwetu yu juu ya mti. Mwingereza asema "in the tree". Na "on Monday" je, ni juu ya nini? Sisi twasema Jumatatu, basi.

Ukikosea, si kwa upungufu wa akili, wala Kiswahili si lugha maskini kama wasemavyo watu fulani ambao hawajapata kukichungua. Tazama: anakwenda shuleni, yuko shuleni, anatoka shuleni. Neno shuleni halikubadilika hata herufi. Kazi yote imefanywa na kitenzi. Mwingereza hutaka maneno matatu: "to", "at" na "from". Sisi twahama kijiji na kuhamia mji. Irabu moja tu imegeuza safari nzima, naye hana budi kusema "move from" na "move to". Basi mwanafunzi aliyezoea uhusiano ukae tumboni mwa kitenzi, afikapo kwenye Kiingereza hubahatisha. Huandika "discuss about the matter" na "requested for leave", ilhali vitenzi hivyo havihitaji msaidizi. Kisha hukaripiwa mbele ya wenzake, wala haelezwi kwa nini.

Kijifunze kitenzi pamoja na kihusishi chake, kama ujuavyo jina la mtu na la babaye: "depend on", "listen to", "arrive at". Usitafute sababu kila mahali. Mwingereza husema "at the weekend", Mmarekani "on the weekend", na wote wawili wapumzika siku zile zile.

Utaambiwa pia kwamba ni mwiko kumaliza sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson kwa jambo hilo, na Jonson alikuwa kaburini tangu 1637, hakuweza kujibu. Waingereza wenyewe wangali wakiuliza "What are you looking for?" Ukikosolewa kwa swali hilo, mwombe mwalimu wako kwa heshima aliandike upya, kisha alisome kwa sauti.