Waraka kwa Maveterani Wenzangu: Sheria Tulizojiwekea Ni Ahadi

Ndugu zangu wanachama, kaka na dada,

Nimeona niwaandikie badala ya kusubiri kikao, kwa sababu mnavijua vikao vyetu vya baada ya mazoezi: jambo zito likitajwa, dakika mbili baadaye limegeuka utani wa Simba na Yanga, kila mtu anaondoka anacheka na jambo linabaki palepale. Hili sipendi libaki. Tulikaa wenyewe, tukanyoosha mikono, tukakubaliana kwamba mpira wetu wa Jumamosi utachezwa kwa sheria zinazolingana na miili yetu. Hakuna ngwara. Hakuna kumvamia mtu kwa nyuma. Kila kipindi kisizidi dakika 25, anayechoka atoke, akipata pumzi arudi. Leo sheria hizo zimebaki kwenye daftari la katibu, na uwanjani tunacheza ndondo.

Nasema haya kwa uchungu, si kwa hasira. Mwenzetu mmoja yuko nyumbani, mguu umefungwa plasta, na aliyemkwatua si mpinzani kutoka mtaa mwingine. Ni ndugu yake wa jezi moja, kwenye mchezo wa mazoezi usio na kombe wala pointi. Tumekwenda kumpa pole, tumechanga, na hilo ni jema. Lakini jioni ileile nikasikia watu wakisema kwamba sheria zetu ni za mpira wa wagonjwa, na anayeogopa akacheze bao. Ndugu zangu, kuna wazee wetu ambao wameacha kuja bila kuaga. Michango wanaleta, misibani tunaonana, ila njumu wameziweka kabatini. Hawakumlaumu mtu. Kimya chao ndicho kinachoniuma kuliko kelele zote, maana hao ndio waliotufyekea nyasi za uwanja huu.

Tukumbushane tulikotoka. Klabu hii hatukuianzisha ili tusajiliwe na mtu. Tuliianzisha kwa sababu presha na sukari zilikuwa zinatuchukua mmoja mmoja, na tukaona heri tutoke jasho pamoja, tutembeleane, tusaidiane kwenye harusi na tuzikane kwa heshima. Mpira ulikuwa sababu ya kukutana. Sasa ukiona mtu anatoka nyumbani kwake akiwa mzima kwa ajili ya afya, anarudishwa amebebwa, ujue tumeisaliti nia yetu wenyewe.

Wapo wanaosema mwili wao bado unadai. Nawaheshimu, lakini tuhesabu kwa utulivu. Makocha wana kanuni ya kukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo: toa umri wako kwenye 220. Kijana wa miaka 25 anapata mapigo 195 kwa dakika. Mwenye miaka 55 anapata 165. Ni makadirio tu, watu hutofautiana, lakini inatosha kutuonyesha kwamba babu anapomkimbiza mjukuu kwenye jua la pwani, mmoja amefika mwisho wakati mwenzake bado ana akiba. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani kule Copenhagen, moyo umesimama. Alikuwa na miaka 29, mchezaji wa kulipwa. Aliokolewa kwa sababu madaktari na mashine ya kushtua moyo vilikuwa hatua chache kutoka pale alipoanguka. Sisi, ndugu zangu, kilicho hatua chache ni bajaji.

Wengine wanaona kubadili sheria ni kuudhalilisha mpira. Wenye mpira wenyewe hawaoni hivyo. IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, imeviruhusu vyama vya nchi kurekebisha sheria kwa ajili ya maveterani: ukubwa wa uwanja, mpira wenyewe, upana na urefu wa goli, muda wa vipindi, mchezaji aliyetoka kurudi tena, hata refa kumtoa mtu nje kwa muda kisha akamrudisha. Kule Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011 ulianzishwa mpira wa kutembea. Anayekimbia, wapinzani wake wanapewa mpira wa adhabu. Mwenda pole hajikwai, na mchezo huo umeenea nchi nyingi. Na dada zetu wanaosimama pembeni wakidhani hapa si pao, wawatazame bibi wa Limpopo, Afrika Kusini, timu ya Vakhegula Vakhegula iliyoanzishwa na Beka Ntsanwisi. Wajukuu wanakaa pembeni, bibi wanaingia uwanjani.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza. Wamarekani wana softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo kisha kukimbia kutoka kituo hadi kituo. St. Petersburg, jimbo la Florida, kuna klabu iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya watu waliotimiza miaka 75. Wazee wa softiboli hawakukaa kubishana kama uzee unaharibu mchezo. Walijiuliza swali moja: watu wanagongana wapi? Wakaona ni kwenye kituo cha kwanza, pale mkimbiaji na mlinzi wanapogombea mahali pamoja. Basi wengi wao wakaweka vituo viwili ubavu kwa ubavu, kimoja cha mkimbiaji na kingine cha mlinzi. Wakaona pia ni nyumbani, kituo cha mwisho. Wakampa mkimbiaji mahali pake pa kumalizia. Mwenye goti bovu akishapiga na kufika kituoni, mwenzake anaruhusiwa kumkimbilia. Ushindani umebaki, anayeshindwa bado anashindwa. Kilichoondolewa ni kule kugongana.

Nasi tujiulize vivyo hivyo. Tunaumizana wapi? Si kwenye pasi wala kwenye chenga. Ni kwenye ngwara, ni beki anayeingia kwa nyuma, ni wawili wanaorukia mpira wa kichwa, ni golikipa anayemtokea mshambuliaji kwa miguu. Haya manne tukiyaondoa, hakuna utamu utakaopotea. Atakayepoteza ni yule aliyekuwa anategemea nguvu kuficha kwamba pasi zimemshinda.

Na lipo la mamluki, nalo nalisema kwa upole lakini kwa uwazi. Tukialikwa bonanza, tunachukua vijana wa ndondo, tunawavika jezi za maveterani, tunadanganya umri, ili tupate mbuzi. Mbuzi ataliwa siku moja. Lakini yule mwenzetu wa miaka 58 aliyefanya mazoezi kila wiki, akakaa benchi akimtazama mtoto wa watu akicheza nafasi yake, tutamwambia nini? Na watoto wetu wanaotutazama wamejifunza nini kwa wazazi wanaoghushi umri kwa ajili ya kitoweo?

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, turudi kwenye ahadi yetu. Kuanzia Jumamosi hii refa akiona ngwara au uvamizi wa nyuma, atamtoa mtu nje dakika tano bila mjadala, awe mwanachama mpya au mwenyekiti. Mpira wa juu utapokewa kwa kifua au utaachwa. Aliyefikisha miaka 60 asikabwe mpaka ameutuliza mpira. Wanaotaka kukimbia kwa kasi wana haki yao, nao watapata mchezo wao baada ya wetu. Na wanaotaka kutembea watapata nusu ya uwanja. Wazee waliokaa nyumbani nitawafuata mwenyewe, mlango kwa mlango, lakini wakija ni ninyi mtakaowafanya wabaki. Najua mnaweza, kwa sababu nimewaona mkibebana kwenye mambo magumu kuliko haya. Tuonane saa kumi na mbili na nusu, tupashe misuli pamoja, na wenye haraka pia wawepo.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti