Staa Kavaa Jaketi, Aliyemvusha Korongoni Je?

Wadau, klipu mmeshaiona. Ambaye hajaiona basi bando lilimwishia wiki nzima. Staa mmoja wa hapa Dodoma, jina kapuni, yumo kwenye boti ya njano anashuka Mto Ruaha Mkuu ndani ya korongo, chini ya bwawa la Mtera. Miamba kulia, miamba kushoto, katikati maji meupe yanachemka, juu droni inazunguka. Akaandika: "Mimi na mto tu." Makopakopa yakamwagika, na inasemekana kampuni moja ya vinywaji imeshaanza kumpigia simu.

Mapovu yakaanzia sekunde ya 41. Hapo anaonekana kijana mwingine kwenye boti ya nyuma. Jezi nyekundu iliyopauka, miguu peku, kichwa wazi. Hana jaketi okozi, hana kofia ngumu. Staa anavyo vyote viwili. Mpiga picha anavyo. Rafiki wa staa, ambaye alikwenda kushangaa tu, naye anavyo. Mtu wa Msalato akaandika chini: "Huyo si dogo wetu?" Mwingine akauliza dogo anaitwa nani. Staa akajibu mwenyewe: "Ni kijana tu wa kubeba boti."

Shida iko kwenye hilo neno "tu".

Jumamosi iliyofuata pale mnadani Msalato, kati ya moshi wa nyama choma na kelele za wauza mbuzi, habari ya mjini ilikuwa hiyo. Wanaomfahamu dogo wanasema alimaliza kidato cha nne, ajira hakuna, akaenda kwa mjomba wake Mtera kuvua samaki. Huku Msalato maji ya kuchezea hayapo. Makorongo ya huku ni mchanga mtupu zaidi ya nusu mwaka, mvua ikipiga Januari yanajaa kwa saa chache, kisha mchanga tena. Kwa hiyo maji dogo kayajulia ukubwani, kwenye mtumbwi wa mjomba, akiwa na viboko na mamba kama majirani. Alipokuja mtu kutafuta wa kuwapitisha korongoni, wavuvi walimtaja yeye.

Sasa kwa wasiojua, zile boti zinaitwa pakirafti. Ni boti ya kujaza upepo, ikikunjwa inaingia begini, kilo tatu au nne tu. Unaibeba mgongoni porini kusiko na barabara, unafika mtoni, unaijaza, unashuka na maji. Kayaki ni ndugu yake, ila ile ni ngumu, ndefu, haikunjiki. Watu duniani wanapenda pakirafti kwa sababu inakufikisha mahali ambapo gari halifiki. Uzuri wake ndiyo hatari yake. Ukiumia humo ndani, ambulensi nayo haifiki.

Na mto ule si wa mchezo. Bwawa la Mtera likijaa maji yake yako mita 698 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Kidatu, ambako maji hayo hayo yanaelekea, liko kama mita 450. Maana yake mto unashuka karibu mita 250 kati ya bwawa na bwawa, na sehemu kubwa unashuka kwa fujo ndani ya miamba. Halafu pale maji hayafuati mvua peke yake, yanafuata na umeme. Mtera inahifadhi maji, inayapitisha kwenye mitambo yake ya megawati 80, kisha yanateremka kwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Wakiongeza maji huko juu, wewe uliyelala kwenye mchanga huko chini hupigiwi simu.

Wanaojua safari ile wanasema dogo kila mlipotua alikuwa anachomeka kijiti pembeni kabisa, pale maji yanapoishia. Wenzake wanapika chai, yeye anatazama kijiti. Kikizama, mnapanda juu haraka. Kikibaki pakavu, mnaendelea. Kabla ya kila poromoko alitangulia kwa miguu juu ya miamba kuangalia. Maji yakichora mkuki unaoelekeza ncha kule mnakokwenda, hapo ndiyo njia. Mkuki ukielekeza ncha kwenu, chini yake kuna jiwe. Mti uliolalia maji usiusogelee hata kwa dawa, maji yatapita kwenye matawi, wewe utabaki. Huyo ndiye "kijana tu wa kubeba boti".

Na kuna kipande hamkuonyeshwa. Inasemekana siku ya pili boti ya staa ilipinduka chini ya poromoko, pale maji yanapojizungusha na kumrudisha mtu ndani badala ya kumtoa. Aliyeruka kumfuata, bila jaketi, kamba kiunoni, alikuwa dogo. Staa akatoka anatapika maji, mzima. Klipu ikakatwa hapo. Ikaunganishwa na ile sehemu staa kanyoosha kasia juu kama kombe.

Majaketi yalikuwa matatu, watu wanne. La nne halikununuliwa. Malipo ya dogo yanatajwa kuwa elfu thelathini kwa siku mbili.

Mashabiki wa staa wana utetezi wao, na usikilizwe. Wanasema alilipwa, alikubaliana mwenyewe, hakulazimishwa. Wanasema bila staa hakuna ambaye angejua Ruaha Mkuu ina korongo kali hivyo. Hili la pili lina ukweli wake. Dodoma ikitajwa watu wanawaza Bunge, zabibu na nyama choma. Staa kaonyesha kitu kipya, kapata ujasiri wa kwenda, na kontenti ni kazi kama kazi nyingine. Hakuna anayemnyima hilo.

Lakini hili la "alikubali mwenyewe" lipimwe vizuri. Mtu ambaye hana kazi, ukimwambia kuna elfu thelathini ila jaketi hakuna, atakwambia twende. Angemwambia kuna elfu ishirini, angesema twende pia. Kukubali kwake kunaonyesha njaa yake, hakuonyeshi kwamba yuko salama. Aliyeandaa safari ndiye mwenye hela, ndiye aliyehesabu vichwa, ndiye aliyeamua kichwa kipi kibaki wazi. Na akaamua kibaki wazi kile kilichokuwa kinawalinda wengine wote.

Historia kidogo, msichoke. Hii si mara ya kwanza boti kubebwa begani kupita Ugogo. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na boti inaitwa Lady Alice, imegawanywa vipande, wapagazi wakaibeba kwa miguu, wakapita nchi hii ya Wagogo mpaka Ziwa Victoria. Huko ikaunganishwa, ikazunguka ziwa. Baadaye ikashuka mto Kongo mpaka kwenye maporomoko. Watu walikufa maji humo, akiwemo kijana Kalulu mwaka 1877. Aliyeshika usukani wa boti ile alikuwa mtu wa msafara aitwaye Uledi, na ndiye aliyekuwa anajitosa kuokoa wenzake wakizama.

Jina la Uledi linajulikanaje leo? Stanley aliliandika kitabuni, mwaka 1878, akamsifu. Na Stanley si malaika, ana lawama za kutosha kwa ukatili wake kwenye safari zile. Lakini hata yeye, kwa kalamu na wino, aliweza kuandika nani alimvusha. Staa wa leo ana simu, kutagi mtu ni sekunde mbili, halafu anaandika "Mimi na mto tu".

Sasa angalieni majirani. Jinja, Uganda, watu wanashuka Nile kwa boti za upepo kibiashara tangu miaka ya 1990. Pale boti ya watalii haiachwi peke yake, kuna wapiga kayaki wa uokoaji wanaitangulia na kuisindikiza, wamevaa jaketi na kofia kama abiria. Wengi ni vijana wa hapo hapo. Kutoka mto ule wametoka watu wenye majina kama Sadat Kawawa na Amina Tayona, Waganda wanaojulikana kwenye dunia ya kayaki. Mto ni ule ule ulionyeshea watalii raha, ila waliokuwa wanawaokoa hawakufichwa nyuma ya klipu.

Na asije mtu akasema jaketi ni mapambo, dogo anajua kuogelea. Desemba 2010 Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini, alikuwa anashuka mto Lukuga huko Kongo, ule unaotoka Ziwa Tanganyika. Si mgeni wa maji yule. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kushuka Nile mpaka baharini. Alikuwa na Wamarekani wawili, wanapiga kasia karibu karibu kwa sababu ya mamba. Mamba akatokea, akamvuta. Mwili haukupatikana. Mtu mwenye uzoefu wa kiwango kile, vifaa vyote, wenzake pembeni, na mto ukamchukua. Jaketi halizuii mamba, ni kweli. Lakini kama mwenye kila kitu anaweza kwenda hivyo, basi kumpeleka mtu bila chochote si ushujaa wa staa. Ni kamari, na anayecheza anaweka roho ya mwenzake mezani.

Coetzee alipofariki dunia nzima iliandika. Je, dogo angebaki chini ya lile poromoko, ingeandikwa nini? Pengine posti nyeusi, mshumaa, "pumzika kaka". Kisha mama yake, ambaye anauza chai na maandazi pale mnadani, angeanza kuzungushwa. Nani amlipe? Mkataba uko wapi? Jina lake liliandikwa wapi kwamba alikuwepo?

Kuna jambo moja zito kwenye sakata hili, na wanaomtetea dogo kwa mapovu walisikie. Ndugu zake wanasema yeye mwenyewe hataki kelele. Kundi lingine limeshampigia, nao wanataka kushuka korongo. Anaogopa watu wakimshambulia staa, wateja watakimbia, arudi kwenye nyavu. Hofu hiyo ina haki. Matusi mnayomtupia staa hayamnunulii dogo jaketi, na staa akifuta klipu kwa hasira, ule ushahidi pekee kwamba dogo alikuwepo unafutika nao.

Kwa hiyo matusi yaachwe. Kinachotakiwa ni vitu vitatu, na vyote staa anaviweza wiki hii. Kwanza, ile posti ihaririwe, jina la dogo likae juu kwa ridhaa yake, na iandikwe kazi aliyofanya: kiongozi wa mto. Neno hilo litamletea wateja kuliko huruma yoyote. Pili, malipo yaongezwe yalingane na kazi. Aliyekuvuta kutoka chini ya maji halipwi kama aliyekubebea begi kutoka stendi. Tatu, safari ijayo kichwa kimoja, jaketi moja, kofia moja. Likipungua moja, anayebaki nyumbani ni rafiki wa kushangaa, dogo anavaa.

Na hili si la staa mmoja. Uwanja wa ndege wa kimataifa unajengwa hapo hapo Msalato. Wageni wakianza kushuka watauliza huku kuna nini cha kuona. Vijana wa Msalato na Mtera wanaweza kuwa ndio wenye hiyo kazi, na majina yao yakaandikwa kwenye mabango. Au wanaweza kuwa wale wa kukatwa kwenye klipu. Inategemea mazoea yanayowekwa sasa hivi, wakati wanaoshuka korongo bado wanahesabika kwa vidole.

Inasemekana staa anajipanga kurudi Ruaha mvua zikipungua, safari hii na mdhamini. Vizuri. Bei ya jaketi la nne haifiki bili ya meza yake moja ya nyama na vinywaji. Linunuliwe kabla gari halijawekwa mafuta.

Wadau, nyie mnasemaje? Angekuwa mdogo wako, ungemwachia aende? Dondosheni maoni hapo chini, ila jina la dogo msilitaje mpaka mwenyewe aseme sawa.